Milango Iliyokataa Kukauka

Nyumbani, chumba cha nyuma ya karakana,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umesimama imara, wewe na wifi yangu na wale watoto wanaorefuka kila nikipokea picha zao. Mgongo wako unaendeleaje? Uliniambia huko kiwandani mbao sasa zinanyanyuliwa na mashine, nikashukuru sana, maana wewe hujui kusema umechoka. Sisi huku ni wazima wa mwili. Nasema wa mwili kwa makusudi, utaona mbele.

Ningekupigia simu. Nimejaribu mara mbili, na mara zote mbili nimeishia kukuuliza kama huko kuna baridi. Kwenye karatasi angalau husikii sauti yangu.

Nianzie kwenye milango. Zahanati mpya ya karibu na soko ilitupa kazi ya milango kumi na miwili, ya kupakwa kijani kilichoiva. Mtindo wa Baba unaujua: rangi ya juu ikiwa nzito, hata praima, ile rangi ya chini, lazima ikolezwe kidogo ielekee hukohuko, ili ya juu ishike kwa kupakwa mara mbili badala ya nne. Kuchanganya ni kazi yake peke yake. Vichupa vya kikolezo, ile rangi kali ya kukolezea, ni vyake, kijiko ni chake. Mimi na Fundi Kimya tunapaka.

Huyo Kimya hukumkuta, alikuja baada ya wewe kuondoka. Tulimpa jina hilo kwa sababu anaweza kumaliza siku nzima kwa maneno matano, na mawili kati ya hayo ni “ndiyo, Mzee”.

Tulipaka Jumatatu. Jumanne asubuhi nikagusa mlango mmoja, kidole kikanasa kama kwenye asali. Praima inayokauka kwa saa nne, kaka! Jumatano vilevile. Alhamisi nikajaribu kuupiga msasa, karatasi ikajaa tope la kijani, ikararuka mkononi.

Nikailaumu mvua, nikaazima feni mbili, zikavuma kutwa bure. Nikazilaumu mbao, kwamba tumeuziwa mbichi. Nikapasua kipande, nikakikuta kikavu mpaka kwenye kiini. Nikalilaumu kopo, kwamba lilichacha dukani. Tarehe yake ilikuwa ya juzijuzi tu. Ijumaa akaja muuguzi mkuu, akatazama ile milango imeegemezwa ukutani inang'aa kama imetoka kunyeshewa, akasema kwa upole kwamba wodi ya wazazi wamesitiri kwa mashuka, na akina mama wanaona aibu. Upole wake ndio ulionimaliza. Nikiwa nimeishiwa vitu vya kulaumu, nikamlaumu mtu.

Kimya wiki ile alikuwa akichelewa kila siku bila kueleza. Nikamwambia mbele ya seremala jirani na wateja wawili, “Unapaka nzito ili umalize uende zako. Kama umechoka na kazi, sema.”

Akamtazama Baba. Baba alikuwa akifuta mikono kwa tambara, kama hakusikia. Kimya akavua ovaroli, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya benchi. “Haya, dada,” akasema, akatoka. Miaka tisa, kaka, na mimi niliimaliza kwa pumzi moja.

Kesho yake Baba akaingia karakana, akaangaza huku na huku, akauliza, “Kimya hajafika?” Nikadhani ananikemea kwa mafumbo. Nikanuna siku nzima.

Nikakwangua mlango mmoja mpaka kwenye mbao, nikaupaka upya mwenyewe, mkono mwepesi kabisa. Asubuhi ukaninasa kidole tena. Hapo Kimya hayupo, mvua imekatika, na mpakaji ni mimi.

Basi nikafanya kama tulivyofundishwa: ukitafuta kosa, badili kitu kimoja tu. Nikachukua vibao vitatu vya mbao ileile. Cha kwanza nikakipaka praima tupu. Cha pili, praima niliyoikoleza mwenyewe, kijiko kimoja kwa kopo. Cha tatu, ile iliyokuwa kwenye ndoo ya Baba. Kufika mchana cha kwanza kilikuwa kikavu, na cha pili kikafuata baada ya muda mfupi. Cha tatu kilikuwa kinameta kama ulimi. Unajua kikolezo chenyewe hakikauki. Kikizidi, kinaizuia praima nayo isikauke.

Asubuhi iliyofuata niliwahi, nikasimama nyuma ya rafu ya vanishi kama mwizi. Baba akafungua kopo, akatia kijiko kimoja, akakoroga. Akaenda mlangoni kumsalimia jirani. Akarudi, akalitazama kopo, akatia kijiko. Akatafuta tambara, akarudi, akatia kijiko. Mara ya nne aliusimamisha mkono hewani, midomo ikimcheza kama mtu anayehesabu kimoyomoyo. Nikasema moyoni, Baba, usitie. Akatia.

Sikutoka pale nyuma. Nilingoja mpaka alipokwenda kunywa chai.

Siku hiyohiyo nilimfuata Kimya nyumbani kwake. Nilimkuta ameketi kando ya kitanda cha binti yake, anamnywesha uji. Mtoto alikuwa mgonjwa wiki ya pili, na hiyo ndiyo sababu ya kuchelewa kwake. Kabla sijasema nilichokwenda kusema, akaniuliza, “Umemwona?”

Nikaitikia kwa kichwa.

“Mimi nimemwona tangu mwaka jana,” akasema. “Nilikuwa nafika mapema. Akishachanganya, akienda kunywa chai, namwaga, nachanganya upya. Wiki ile ya milango sikuwahi.”

“Kwa nini hukuniambia? Hata siku ile nilipokuaibisha?”

“Mzee ndiye aliyenishikisha brashi, dada. Ningemsemaje mbele ya watu?”

Kaka, nilipiga magoti kwenye ile sakafu nikamwomba radhi. Akaniinua, akasema amenisamehe toka moyoni. Lakini kurudi hawezi, ameshatoa ahadi kwa fundi mwingine. Sikuwa na haki ya kumbembeleza. Nililia njia nzima, na watu wakanipisha.

Yakabaki ya kumwambia Baba. Nilijiandaa kwa maneno, nikayapanga kama vyombo kabatini. Nikamwekea vile vibao vitatu mbele yake. Akagusa cha kwanza, akagusa cha pili. Cha tatu akakibonyeza kwa dole gumba, akakinusa, na uso wake ukachangamka kama zamani, ule uso wa fundi aliyelikamata kosa.

“Hiki kimekolezwa mno,” akasema. “Nani amechanganya hii?”

Alikuwa ananitazama kwa macho safi kabisa, anasubiri jibu. Maneno yangu yote yakaanguka.

“Ni mimi, Baba,” nikasema.

“Usijali, mama. Hata mimi nilikosea sana nilipoanza.” Akanivuta karibu, akanipa kijiko, akaushika mkono wangu, wake ukiwa juu. “Kijiko kimoja. Koroga mpaka uone mistari imepotea. Halafu uache, usiwe na haraka.” Alinifundisha tangu mwanzo, kaka, kwa subira ambayo wewe na mimi hatukuipata utotoni. Na mimi nikajifunza, nikaitikia “ndiyo, Baba” kila alipomaliza, huku machozi yakidondokea kwenye kopo.

Daktari amemwona. Anasema ni maradhi ya kusahau. Yanaweza kwenda polepole, lakini hayarudi nyuma. Vichupa nimevifungia kabatini na ufunguo ninao shingoni. Baba nimempa kazi ya msasa, na mikono yake haijasahau hata chembe. Ubao akishaupitia, unapitisha kiganja kama unapapasa shavu la mtoto. Milango yote nimeikwangua, nikaipangusa kwa tina ya kuyeyushia rangi, nikaipaka upya. Imekauka, na zahanati wameshaipokea. Muuguzi mkuu alinishukuru mpaka nikaona haya.

Ila kila asubuhi Baba anaingia, anaangaza, anauliza kama Kimya amefika. Mwanzoni nilikuwa namweleza. Akawa anaumia upya kila siku: “Umemfukuza? Kijana yule?” Na mimi kila siku nikawa namfukuza upya. Sasa nasema atakuja. Huu ni uongo wa pili ninaomwambia baba yetu, na sijui utafuatiwa na mingapi.

Sikuandikii ili ujilaumu. Mimi niliyekuwa nakula naye sahani moja sikuona, wewe ungeonaje ukiwa huko? Nakuandikia kwa sababu mzigo huu umenishinda kuubeba peke yangu, na hakuna mwingine duniani anayemwita Baba.

Nisalimie wifi, mwambie kitambaa alichonitumia nimekishona na kimenikaa vizuri. Wabusu watoto. Shangazi anakusalimu, anasema umekuwa bahili wa barua. Seremala jirani naye anakusalimu. Mungu akulinde kazini na njiani, na aufanye mgongo wako mwepesi.

Baba anakusalimu sana. Leo nimemwambia nakuandikia, akaniuliza utakuja lini. Nikamjibu. Kabla sijajaza ukurasa wa kwanza akaniuliza tena, na sasa hivi amepita mlangoni akauliza mara ya tatu. Kaka, usingoje likizo. Njoo wakati bado anauliza.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye daima.