Nachomoa Waya Ili Fundi wa Intaneti Arudi

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Ijumaa, na tafadhali usinicheke mpaka ufike mwisho, maana hata mimi nikianza kueleza nacheka mwenyewe. Nasoma sheria mwaka wa pili, naishi ghorofa ya tatu ya bweni la wasichana, na waifai yetu yote inatoka kwenye kisanduku kimoja cheupe kilichopachikwa juu ya mlango wa chumba cha kupigia pasi, unaotazamana na mlango wangu. Kisanduku hicho kiliharibika kweli, naapa ile ya kwanza haikuwa mimi, ofisi ya kompyuta ikamleta fundi na ngazi inayoyumba, akaniambia, "Dada, nishikie hapa, nikianguka utanizika wewe," nikashika, na nadhani moyo wangu bado uko pale kwenye ngazi.

Si kwamba ni mzuri wa kupindukia, masikio yake makubwa, lakini anazisemesha zile nyaya kama anabembeleza mtoto, akanieleza kwamba taa ya kijani ni uzima na nyekundu ni msiba, nami naitikia tu kama mtu anayesikia. Nikangoja wiki nzima kiharibike tena, kikakataa, basi wiki iliyofuata nikapanda kiti na mpini wa ufagio nikausukuma waya kidogo, taa ikawa nyekundu, nikashuka kwa matroni kuandika ripoti kwa mwandiko wa huzuni.

Mshauri, nimeshauchomoa mara nane. Kila mara anakuja, anaugusa mara moja taa inarudi kijani, halafu anabaki huko juu nusu saa anasema anakagua, tunaongea, akishuka anaandika kwenye daftari la matengenezo "Chanzo hakijajulikana" na kwenda zake. Mara ya sita alikuja na vibanio vya kuushikiza waya usitoke tena, roho ikanitoka, lakini akavigeuzageuza mkononi akavirudisha mfukoni, akasema ukuta huu bado haujakauka vizuri, ilhali bweni hili lilijengwa kabla sijazaliwa, nikamshukuru Mungu kwa ukuta.

Anayejua siri hii ni mwenzangu wa chumba tu, tunamwita Redio na unaweza kukisia kwa nini, ananiambia, "Wewe endelea kupendwa, sisi tutafeli."

Sasa Jumatatu fundi kaja hacheki. Mkuu wake amempa barua, ifikapo Ijumaa aeleze kwa nini ghorofa moja inakatika mtandao kila wiki, la sivyo mkataba wake haurefushwi. Nikamuuliza utasema nini, akajibu, "Nitasema sijui." Nikamuuliza, "Kwani kweli hujui?" Akainama akakunja ngazi. Nikikiri naweza kufukuzwa bwenini na yeye atanichukia maisha, nikinyamaza anakosa kazi kwa ajili ya ufagio wangu, sili, silali, nifanye nini?

Mimi, Mshika Ngazi

*

Mshika Ngazi, mwanangu, nimecheka mpaka mume wangu akaja kuchungulia kama niko salama. Sasa nimemaliza kucheka, na wewe kaa chini.

Umenieleza mpaka masikio ya mtu, lakini wenzako wa ghorofa hawana hata mstari mmoja katika barua yako, ukimtoa huyo Redio, ambaye kwa kweli ndiye mwenye akili chumbani humo. Mara nane. Kuna aliyekuwa anatuma kazi ya mwalimu dakika ya mwisho, kuna aliyekuwa anaongea na mama yake mgonjwa, wewe uko juu ya kiti na ufagio. Mapenzi ni kikohozi, ndiyo, hayafichiki, lakini wewe umewakoholea ghorofa nzima. Na unasoma sheria. Nakuomba ukishakuwa wakili usinitetee.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni kwamba msomi mzima ameandika ushahidi wote kwa mkono wake na hakuusoma. Mtu ambaye kazi yake ni nyaya anaukuta waya mzima, haujakatika, haujaliwa na panya, umetoka tu, mara nane, na kila mara aliyeripoti ni wewe. Anakuja na vibanio, anaondoka navyo. Anasingizia ukuta mkongwe kwamba haujakauka. Mwanangu, anajua. Amejua tangu mara ya pili, akiwa mzito sana basi ya tatu. Alipokuwa anaandika kwamba chanzo hakijajulikana, chanzo kilikuwa pale chini kimemshikia ngazi.

Kwa hiyo suala la kukuchukia lifute. Linalobaki ni kwamba kijana wa watu yuko tayari kukosa kazi ili wewe usiumbuke, na wewe umekaa kuniandikia mimi.

Kesho asubuhi usiende kwake, nenda kwa mkuu wake. Usilie, usipambe maneno, sema waya nilikuwa nauchomoa mimi, kwa mkono wangu. Ukitoka hapo pita kwa matroni useme hayohayo, adhabu utakayopewa uichukue, bwenini hawafukuzi watu kirahisi na hata wakikufukuza utapanga chumba utaishi. Kisha gonga mlango mmoja mmoja wa ghorofa yako uombe radhi. Redio anaweza kukusaidia kutangaza, atafurahi. Na fundi mwambie naye aende akaseme alichokijua, maana "sijui" yake ni uongo kama ripoti zako.

Yakishapita hayo, mwambie alete vile vibanio. Apande, wewe ushike ngazi, avipigilie vyote mpaka waya usiweze kutoka hata kwa nyundo. Halafu rudi chumbani usome. Siku taa iko kijani, hakuna aliyeandika ripoti, na matroni akakuita kwamba kuna fundi anakusubiri pale chini hana hata ngazi, hapo ushuke.