Aliyesubiri Kuitwa

4 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Kosa wanalofanya wengi wanaoongoza mashabiki kwenda ugenini ni kuhesabu vichwa. Loo, nimeanza somo kabla ya salamu! Ualimu ni ugonjwa usio na dawa. Hujambo, mwanangu? Dada yangu, mama yako, anaendeleaje na presha yake? Na cherehani, bado inakata uzi? Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linapiga kelele kuliko nilivyokuwa nikipiga jukwaani. Huku kwa binti yangu wananitunza vizuri mno. Nikinyanyua kikombe, wananinyang'anya.

Nimesikia tawi limekuchagua wewe kuwa katibu wa safari. Nilifurahi nikasahau goti, nikasimama, nikakumbuka, nikakaa. Miaka ishirini na miwili nilishika kazi hiyo na sikuwahi kumwacha mtu. Sisemi kwa majivuno. Nasema ili unisikilize.

Kwenda ugenini si kazi. Asubuhi kila mtu amepiga pasi jezi na amefika kabla ya dereva. Kazi ni kurudi. Mkishinda, watu hulewa furaha. Mkifungwa, hulewa hasira. Vyovyote vile, macho yao hayaoni. Ndipo utamkuta kiongozi kasimama ndani ya basi, kidole kimenyooka: moja, mbili, tatu. Wewe usifanye hivyo. Vichwa vyote hufanana kwa nyuma. Kipenga cha mwisho kikilia, wakusanye mahali pamoja nje ya uwanja. Mimi nilichagua ubavuni mwa dirisha la tiketi, maana hakuna uwanja usio nalo. Fungua daftari, ita majina, mmoja mmoja, kila mtu aitike kwa kinywa chake. Ndipo mpande.

Nisalimie Breki, dereva wetu, umwambie bado namdai pumzi zangu za kile kilima tulichosukuma basi. Nisalimie na Fundi Saa. Yeye hukaa kiti cha kumi na saba, dirishani, na mto wake wa mgongo. Asihamishwe.

Mjomba wako

11 Machi

Shikamoo Mjomba,

Sisi hatujambo. Mama presha imeshuka, ila hasira haijashuka. Jana kamfukuza muuza mitungi kwa sababu alibisha hodi mara nne badala ya tatu. Cherehani nimeitia mafuta, inakata uzi vilevile. Pole na goti. Usishuke ngazi peke yako.

Mjomba, barua yako nimeisoma mara mbili, na ushauri wako nauheshimu. Lakini daftari lako limechakaa, na majina mengine humo ni ya marehemu. Siku hizi mambo ni simu. Nimefungua kundi la safari na nimetangaza humo: kipenga cha mwisho kikilia, kila mtu moja kwa moja kwenye basi. Pale tunapokwenda, msimu uliopita palikuwa na kusukumana nje ya lango. Sitaki watu wangu wasimame kama mnada. Tena kuita watu arobaini na tisa ni robo saa nzima. Breki anasema: "Mwambie Mwalimu hili ni basi, si darasa la tatu B." Na kuhusu kilima, anasema basi ndilo lililokata pumzi, wewe ulisukuma kwa maneno.

Nimeshona bendera ya mita kumi na mbili! Fundi Saa alikuja kunishikia ncha ya kitambaa, saa mbili nzima, kimya kama kawaida yake. Alileta na mto wake niujaze sufi mpya. Aliniuliza neno moja tu: "Mwalimu anakuja?" Nikamwambia goti limekataa. Akasema, "Basi," akaendelea kushika kitambaa.

Tuombee ushindi.

Mpwa wako

2 Aprili

Mpwa wangu,

Hujambo? Na mama yako? Mimi goti limetulia kidogo, ila nililiumiza tarehe kumi na nne kwa kuruka mbele ya redio. Bao la kichwa dakika ya themanini na nane! Mkwe wangu alidhani nimeungua.

Nikasema moyoni, wiki hii nitapata barua ndefu kuliko bendera. Wiki ikapita. Ya pili ikapita. Leo ni ya tatu, na kimya kingi kina mshindo mkuu. Nimempigia mama yako. Anasema unakula, unashona, ila huzungumzi mpira.

Mtu akishinda ugenini kisha hazungumzi mpira, kuna jambo. Kama ni ugonjwa, niambie. Kama ni aibu, niambie upesi zaidi, maana ugonjwa una daktari.

Mjomba wako

9 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Mama hajambo. Mimi mwili haujambo. Niliandika barua tatu nikazichana, hii ya nne nimeapa kuifikisha posta.

Tulimwacha Fundi Saa.

Bao lilipoingia tulikumbatiana na watu tusiowajua. Kipenga kikalia, tukakimbilia basi kama nilivyotangaza. Breki kashawasha injini, anapiga honi. Nikasimama mbele nikahesabu. Ndiyo, kwa kidole. Arobaini na tisa. Nikarudia, Mjomba, naapa nilirudia: arobaini na tisa. Nikasema, "Twende!" Njia nzima tuliimba, mimi niliimba nimesimama.

Tulipofika kwetu, watu wakishuka, mwanamume nisiyemfahamu akanipa mkono. "Asante sana dada kwa lifti. Timu ni moja!" Alikuwa amekwenda kivyake, akaona jezi zetu, akapanda. Alikaa kiti cha kumi na saba, kauegemea mto wa Fundi hadi umebonyea. Hata hapo sikushtuka. Nilidhani Fundi katangulia kushuka. Nikauchukua mto nimpelekee kesho yake.

Kesho yake duka lake limefungwa. Jirani yake, yule mama muuza vitambaa, akaniangalia juu mpaka chini: "Fundi mmemwacha wapi?" Mjomba, yule mama hapendi hata mpira. Yeye ndiye aliyegundua, sisi tuliokwenda naye hatukugundua.

Alikuwa amesimama ubavuni mwa dirisha la tiketi. Simu yake ni ya vitufe, kundini hayumo. Hakuna aliyemwambia, hata mimi niliyeshika naye kitambaa saa mbili. Aliona watu wakikimbia akadhani wana haraka zao, watarudi kwenye majina. Mlinzi wa uwanja ndiye aliyemkuta. "Mzee, unamsubiri nani?" Akajibu, "Nasubiri kuitwa." Mlinzi akamchukua kwake, akampa chakula na kitanda, asubuhi akampandisha basi. Kisha akampigia mwenyekiti wetu: "Nyinyi mnachukua pointi tatu mnatuachia mzee! Hiyo ni biashara gani?" Na yeye ni shabiki wa wale tuliowafunga.

Siku ya tatu nilikwenda dukani na mto. Alikuwa kainama, kile kioo chake cha kukuzia kakibana jichoni. Akaupokea akauweka chini ya meza. Hakuniangalia. Akasema, "Saa yako ina tatizo gani?" Nikavua saa nikampa. Akaifungua, akaitazama muda mrefu, akaifunga. "Haina ugonjwa." Akanirudishia. Kisha akasema, "Mwingine!" Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Nikaondoka.

Kuna jambo baya zaidi. Kule kundini wachekeshaji walitunga wimbo: Fundi Saa kachelewa. Watu wakacheka. Nami, Mungu anisamehe, nilituma kicheko. Mtu akamwonyesha. Wiki hiyohiyo akarudisha kadi yake ya uanachama kwa mkono wa yule mama wa vitambaa. Hakuandika kitu. Sasa kuna safari tarehe ishirini na tano, na kamati inasema kiti cha kumi na saba kipewe mwingine, maana mwenyewe kajitoa.

Sitaki ajitoe, Mjomba. Ana nini kingine? Duka, chumba cha nyuma ya duka, na sisi. Kwa hiyo nimeandika barua rasmi ya tawi, yenye muhuri, ya kumwomba radhi. Nimeeleza kila kitu: kwamba tangazo lilitolewa mapema, kwamba hesabu ilifanywa mara mbili na ikawa sawa, kwamba kulikuwa na mgeni bila sisi kujua. Nakala nimeiweka humu. Nisahihishie kama ulivyokuwa ukinisahihishia insha, ndipo niitume.

Mpwa wako

13 Aprili

Mpwa wangu mpendwa,

Natumaini u mzima, na mama yako pia. Mimi mzima. Leo goti tuliache.

Nimeipokea insha yako. Sarufi safi, mwandiko mzuri, aya zimepangika. Nimeisahihisha: nimekata yote.

Usinielewe vibaya. Hakuna uongo hata mmoja humo. Lakini isome tena ukiwa umekaa upande wa pili wa ile meza ya saa. Mstari wa kwanza unasema tangazo lilitolewa. Maana yake: kosa ni la simu yako, mzee. Mstari wa pili unasema hesabu ilikuwa sawa. Mwanangu, hicho ndicho kinachomuuma! Hesabu ilikuwa sawa bila yeye. Basi lilijaa, wimbo uliimbwa, mto wake ulipata mgongo mwingine, na hakuna kilichopungua. Wewe unampelekea muhuri kuthibitisha kwamba kweli hakuna kilichopungua.

Sasa nikiri langu. Nilikupa kanuni nikakunyima sababu yake, na mwalimu akifanya hivyo asishangae mwanafunzi akiitupa. Nilikwambia vichwa hufanana. Hiyo ni sababu ndogo. Kubwa ni hii.

Mwaka aliofiwa na mkewe, Fundi alikuja safarini wiki tano baada ya mazishi. Tulifungwa tatu bila. Pale kwenye dirisha la tiketi nikaita majina, nikafika kwake, hakuitika, naye kasimama mbele yangu hatua mbili. Nikaita tena. Wenzake wakaanza: "Mzee wa saa, betri imekwisha?" Nikawanyamazisha, nikaita mara ya tatu, jina lake na la baba yake. Akasema, "Nipo," akageuka akatazama ukuta. Ndani ya basi nilikaa naye. Akaniambia, "Mwalimu, dukani wananiita fundi. Mtaani mzee. Tangu mazishi, wewe ndiye mtu wa kwanza kuniita kwa jina langu."

Tangu siku ile nilimwita wa mwisho, ili asikie vizuri. Watu walidhani nafuata mpangilio wa daftari. Nilipaswa kukuandikia hilo tangu barua ya kwanza, badala ya kujisifu kwamba sikuwahi kumwacha mtu. Nilijivunia kanuni nikaficha mtu aliye ndani yake. Hivyo nusu ya kosa ni yangu, na ya kwangu nimemwandikia jana, bila muhuri. Nusu yako siwezi kukubebea, hata goti lingekuwa zima.

Kamati waambie hivi: kadi iliyorudishwa kwa huzuni haijarudishwa. Wakibisha, waambie Mwalimu amesema, nao watoto wa darasa la tatu B watanyamaza. Lakini kiti kisikushughulishe. Ukienda kwake na habari ya kiti, atajua umekuja kujaza basi. Asipokuja tarehe ishirini na tano, asije. Asipokuja msimu mzima, ni haki yake. Aliyesimama peke yake kwenye dirisha la tiketi ugenini ana haki ya kukaa kwake kwa muda.

Najua unachoogopa. Unaogopa atakuuliza tena habari ya saa, nawe utashindwa kusema. Au atasema, "Sawa," kavu, akainama. Huenda. Kuomba radhi hakununui jibu. Unaweka tu mzigo mahali pake, unaondoka mikono mitupu. Usiende na mwenyekiti, wala na zawadi, wala usimsimulie habari za yule wa lifti. Na kile kicheko ulichotuma, kitaje mwenyewe kabla hajakitaja. Hicho kimemchoma kuliko kuachwa, maana kuachwa kulikuwa bahati mbaya, kicheko kilikuwa kidole chako.

Watu husema maji yakimwagika hayazoleki. Kweli. Ila Fundi si maji. Yuko mitaa miwili kutoka kwenye cherehani yako, kainama, na kila siku unayochelewa anaihesabu. Ni kazi yake kujua muda.

Hufunga duka saa kumi na moja. Weka barua hii chini, nenda leo kabla hajafunga, mwamkie kwa jina lake, umwambie, "Nilikusahau, kisha nikacheka," halafu unyamaze.

Mjomba wako