Kwa Mama Ndeshi, Kuhusu Tiketi za Disko Toto

Mama Ndeshi, shikamoo.

Najua swali ambalo ungeanza nalo, kwa hiyo nalijibu kwanza: hakuna mtoto aliyeumia. Disko toto la siku ya pili ya Krismasi limefanyika hapa Njoro, katika ukumbi uleule, na aliyelisimamia ni binti yako Ndeshi. Ni la kwanza tangu tulipokuzika kule Uru, kwenye kihamba chenu, shamba la ukoo, pembeni ya migomba.

Mimi na wewe tulijuana kwa sababu ya habari mbaya. Ilikuwa ile miaka ambayo watu binafsi walianza kukodi kumbi na kuleta muziki wa spika kubwa, nawe ukakodi ukumbi kwa ajili ya watoto. Uliuza tiketi wiki nzima kabla ya sikukuu. Siku yenyewe watoto wakajaa getini kwa mkupuo, msichana mmoja akaangushwa, akavunjika mkono. Niliandika gazetini kwamba idadi ya tiketi zilizouzwa ilijulikana mapema, lakini getini palikuwa na watu wawili.

Gazeti lilipotoka ulikuja ofisini. Nilijiandaa kwa ugomvi. Ukavuta kiti, ukasema, "Wewe ndiye umeandika wawili? Walikuwa watatu. Wa tatu alikwenda kula machalari kwao."

Mhariri wangu akacheka. Wewe hukucheka. Ukasema, "Sasa fungua hicho kidaftari chako, Mwandishi, uniambie watoto walifika saa ngapi."

Nikakusomea. Saa saba, wachache. Saa nane, wachache. Kati ya saa nane na nusu na saa tisa, karibu wote. Ulinakili kwenye karatasi ya kufungia sukari, ukashukuru, ukaenda hospitali kumwona yule msichana. Watu wengi wamekuja ofisini kwangu kulalamikia nilichoandika. Wewe peke yako ulikuja kuuliza nilichokiona.

Tangu hapo nilikuwa napita kwako kila Desemba, na nilijifunza kwako kuliko ulivyodhani. Ulianza kuandika kwenye kishina cha kila tiketi, kile kipande kinachobaki kwa muuzaji, mahali ilipouzwa na mtu aliyeinunua. Za Njoro zilikuwa za watoto wa mtaani, wanaokuja wawili watatu tangu asubuhi, hawana haraka na hawana mtu wa kuwatazama. Za Kahe zilikuwa za lori moja, wanashuka pamoja na kuondoka pamoja. Za Kiboriloni ndizo zilikuwa za watu wa mlimani. Shangazi mmoja ananunua kumi, kumi na mbili, za watoto wa ukoo mzima. Siku ya pili ya Krismasi mbuzi anachinjwa, na mtoto haruhusiwi kutoka mpaka amekula. Ndiyo maana wote walifika saa nane na nusu. Nilikuwa nimeandika saa bila kujua sababu yake.

Ulinieleza hivi, ukiwa unamenya ndizi: "Tiketi kumi za shangazi mmoja nawekea kibarua mmoja, maana shangazi atawatupia macho mwenyewe. Tiketi kumi za watoto wa Njoro nawekea wanne." Kwa hesabu hiyo ulijua siku tatu kabla ya sikukuu uwaite vibarua wangapi, wakae geti gani, nani ale saa ngapi. Hakwenda tena mtu kula machalari saa nane.

Sasa nikueleze ya mwaka huu. Kamati ya ukumbi ilimwambia Ndeshi waziwazi kwamba mtoto akiumia, sikukuu zote watapewa vijana fulani wa Arusha wenye spika zao. Ndeshi hana kazi nyingine, wewe wajua. Akaniomba nikae naye kwenye vishina. Tukapanga mafungu matatu mezani kwako kama ulivyokuwa ukifanya. Fungu la Kiboriloni lilikuwa kubwa kuliko miaka yote, na karibu kila kishina kimeandikwa shangazi. Tukafurahi. Ndeshi akawaambia kina mama wanne kati ya vibarua wa getini wasije, hawatahitajika. Nami nikamwambia hesabu iko sawa. Naandika hili bila kulizunguka: nilimwambia hesabu iko sawa.

Mkesha wa Krismasi tulikwenda Kiboriloni kuchukua vishina vya mwisho kwa Mama Eli, yule anayeuza mitumba ya watoto na kutuuzia tiketi. Alikuwa amezungukwa na wateja. Akasema huku akikunja gauni, "Mashangazi wa mwaka huu wana maneno. Kila mmoja ananiuliza kama huko kuna mtu wa kupokea watoto."

Ndeshi akauliza, "Kwani wao hawaji?"

"Waje vipi? Hawa ni wa Dar, mdogo wangu. Wamekuja wiki moja. Siku ya pili wanakwenda ukweni kusalimia, wasipokwenda watasemwa mpaka Pasaka. Watoto watashushwa na yule mkubwa wao."

Nikauliza huyo mkubwa ana miaka mingapi. Mama Eli akanitazama kama mtu aliyechelewa shule. "Kumi na mbili, Mwandishi. Ulitaka awe na ndevu?"

Wakati wako mashangazi walionunua tiketi walikuwa wanaishi hukohuko juu. Sasa wanaonunua ni waliohamia mjini, na neno letu kwenye kishina ni lilelile. Jioni ile Ndeshi alitoa daftari lako la mwisho, lile la mwaka ulioumwa. Kwenye ukurasa wa nyuma ulikuwa umeandika kwa penseli, herufi zimelegea: "Uliza nani anawaleta, si nani amenunua." Ulikuwa umeshaliona. Hatukuwa tumefungua ukurasa huo. Ndeshi akafunga daftari, akasema, "Twende tukawatafute."

Siku ya Krismasi tuliwatafuta wale kina mama wanne makanisani. Mmoja tulimpata akitoka misa. Watatu walikuwa Walutheri, na mnada wa sadaka baada ya ibada ulikuwa haujaisha, ikabidi tusimame nyuma mpaka jogoo wa mwisho apate mnunuzi. Mmoja wao, Mama Joisi, alitutazama akasema, "Mlinifukuza Jumatano, leo mnanifuata mpaka kanisani. Nitakuja, lakini wanangu wanaingia bure." Wanawe ni watano. Ndeshi akakubali.

Saa nane na nusu wakaja, kama ulivyojua. Viongozi wa misafara walikuwa wasichana wadogo wenye magauni mapya, mgongoni wamebeba watoto wa Dar wanaolia kwa kuchoka. Kila mama alichukua kundi moja, akaliketisha chini nje ya geti, akaliingiza kundi zima ndipo linalofuata lisimame. Nilikuwa pale na saa yangu. Wote walikuwa ndani kabla ya saa tisa na robo. Kiatu kimoja kilipotea, kikapatikana. Mtoto mmoja alilia toka mwanzo hadi mwisho, na hakutaka kuondoka.

Mwenyekiti wa kamati alitazama geti tupu akamuuliza Ndeshi, "Pasaka unataka ukumbi siku moja au mbili?" Ndeshi akasema mbili, kwa sauti ya kawaida kabisa. Baadaye nilimkuta stoo amekaa juu ya kreti la soda, analia. Nikamwacha.

Mama Ndeshi, nimeripoti mambo mengi na machache kati ya hayo yamemsaidia mtu. Ulichukua mistari mitatu ya kidaftari changu ukaifanya iwalinde watoto wa watu miaka yote hiyo. Nilipaswa kukushukuru ukiwa hai. Nakushukuru sasa.

Shangazi wa mwisho alifika saa kumi na mbili kasoro, anahema, kitenge cha ukweni bado begani, akiomba radhi kabla hajafika. Watoto wake sita walikuwa wameketi na Ndeshi wakila ubuyu. Ukumbi ulikuwa umeshafagiwa.

Pumzika, mama yangu. Pasaka nitakuwa Kiboriloni kwa Mama Eli na kalamu, nikiuliza nani anawaleta. Na siku yenyewe, maadamu miguu inanibeba, nitakaa getini na binti yako mpaka mtoto wa mwisho achukuliwe.