Nesi Aliyefunga Baada ya Mandazi

Mdogo wangu Kemunto,

Bwana asifiwe. Mgongo waendeleaje? Mimi niko salama hapa Kisii, ila mvua kila alasiri.

Semina hii ya wahudumu wa afya inatufundisha kuhudumia wenye virusi vya Ukimwi bila ubaguzi. Leo mama anayeishi navyo alitusimulia maisha yake, kisha akatupakulia ugali na mboga za chinsaga. Nesi wa zahanati yetu, aliyempigia makofi kuliko wote, akasukuma sahani. "Mimi nimefunga."

"Mfungo gani, dada, na mandazi ya chai ya saa nne umeyamaliza wewe?" nikamuuliza.

Akacheka tu. Yule mama akaninong'oneza, "Huyo ndiye hunipa dawa. Nitarudi kwake kweli?"

Mungu anisamehe, nesi huyo simwamini. Nimshtaki kwa mkubwa wetu, au niongee naye kwanza? Nakuombea, mpenzi. Nijibu upesi.

Dada yako, Bosibori