Kinu cha Dieuwertje

Oudemeer, Holland ya Kaskazini
Jumapili, 12 Mei 1974

Dada yangu mpendwa Dieuwertje,

Salamu nyingi zikufikie huko Nyuzilandi, wewe na shemeji Bertus na wapwa zangu wote wanne. Natumaini mgongo wa shemeji umepata nafuu na ng'ombe wenu hawaumwi tena kwato. Sisi huku ni wazima, ila mke wangu Neeltje ana mafua, na leo kanisani amepiga chafya mara tatu katikati ya sala, kila mara mchungaji alipopumua, mpaka watu wakadhani anamwitikia. Mvua imekoma wiki nzima na upepo ni mzuri.

Najua utashangaa kupata barua yangu mwezi wa Mei, maana mimi na wewe huandikiana Krismasi tu, ukurasa mmoja mmoja. Utashangaa zaidi nikikwambia barua hii inamhusu Baba. Miaka kumi na tisa hujaniuliza habari zake hata mara moja, nami sijakutajia. Nakuomba usiikunje. Isome mpaka mwisho, hata ukifika mahali utakapotamani kuitia jikoni iwe kuni.

Baba ametimiza miaka themanini na moja. Kinu kikubwa cha upepo nakiendesha mimi siku hizi, yeye kazi yake ni kunikosoa. Anashinda bandani akichonga mifano yake midogo ya vinu, na sasa ameanza kuchonga na meli. Hii ya karibuni ni ile meli ya mizigo ya zamani, yenye tumbo nene na sitaha nyembamba, urefu wake kama mkono wangu. Mbao zake ni za mti wa peasi, anazikunja moja moja juu ya mvuke wa birika, na Neeltje amekwisha kata tamaa ya kulipata birika lile kwa ajili ya kahawa. Unamjua Baba. Ndani ya tumbo la meli amepanga mapipa sabini, kila pipa na pete zake, halafu akayafunika yote kwa sitaha. Krelis, yule nahodha mstaafu wa mashua za mfereji, huja kila Alhamisi kumchokoza. Alimwuliza, "Sijmen, mapipa hayo nani atakwenda kuyahesabu, panya?" Baba akamjibu kwamba Mungu atayahesabu, na Mungu ana macho mazuri kuliko Krelis.

Macho ndiyo yaliyoanzisha mambo haya. Daktari wa Alkmaar amesema jicho la kulia limekwisha na la kushoto linafuata. Kabla ya Krismasi ijayo huenda Baba akawa anatofautisha mchana na usiku tu. Alipotoka kwa daktari alirudi moja kwa moja bandani. Alhamisi hii akaniita bandani, akaniamuru niteremshe mifano yote kutoka kwenye rafu, niipange juu ya meza kubwa, kwa sababu anataka kuiona yote kwa pamoja wakati bado anaona. Tukaipanga, vinu kumi na kimoja na meli sita. Alipita akiigusa mmoja mmoja, akitaja mwaka na mti aliotumia. Mwishoni akasema kimoja hakipo.

Akasema, "Kile cha Dieuwertje. Sijui kama kipo. Labda alikichoma aote moto." Alicheka, lakini mkono wake uliendelea kufuta meza ambayo haikuwa na vumbi. Kisha akanigeukia akasema, "Wewe ndiye unayeandikiana naye. Hebu muulize, Gerbrand. Muulize nilimkosea nini tena baada ya lile la kwanza. Nikiwa kipofu nitaweza kusomewa nikasikia, lakini ningependa kuusoma mwandiko wake mwenyewe."

Dada, hapo nilikaa chini. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu mimi imekuwa ndefu kupita kiasi, na miguu imeniuma.

Nianze na lile la kwanza, ulijue kama nilivyoliona mimi niliyebaki. Ulipomleta Bertus, Mkatoliki, kwenye nyumba yetu ya Kiprotestanti, na shangazi Aagje akatangazia kijiji kizima kwamba dini mbili zikilala kwenye mto mmoja, shetani hulala katikati, Baba alisema maneno ambayo sitayarudia. Hakuja Rotterdam kukuaga ulipopanda meli. Yote hayo ni kweli na simtetei. Lakini hukuona yaliyofuata. Barua yako ya kusema mmefunga ndoa ilipofika, aliisoma amesimama, akaingia bandani, na kuanzia Julai mpaka Desemba hakutoka humo ila kwa kusaga, kula na kwenda kanisani. Alichonga kinu chetu hiki hiki, mawe yake ya kusagia yakiwa na ukubwa wa biskuti, na vigunia vitatu vyenye unga wa kweli. Vigunia alivishona mwenyewe. Hakutaka mama wa mtu wala mke wa mtu amsaidie.

Barua hakuandika. Unajua hajawahi kuandika kitu kirefu kuliko majina kwenye magunia. Alichotaka kukwambia alikiweka kwenye mabawa, na mimi na wewe tulijifunza kuyasoma kabla ya alfabeti. Kinu kikisimamishwa na bawa likiwa bado kidogo lifike juu, kuna furaha, kwa sababu linakuja. Likiwa limepita juu kidogo, kuna msiba, kwa sababu limekwenda. Ndivyo tulivyojua babu amefariki, tukiwa bado barabarani tunatoka shule.

Siku sanduku la kukuletea kinu hicho lilipotakiwa kwenda bandarini Baba alikuwa kitandani na homa ya mapafu. Aliniita, akanipa pini ndogo ya shaba, akaniambia niyafunge mabawa kwenye furaha, niyafunge kabisa yasizunguke baharini. Alirudia mara mbili, kwenye furaha, kama vile mimi ni mtoto. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilichukia kurudiwa. Nikaenda bandani. Kinu kilikuwa tayari ndani ya sanduku, uso wake umeelekea ubao, na upande uliokuwa wazi ulikuwa wa mgongo. Maisha yangu yote nimelitazama bawa kutoka uani, na ukiwa uani bawa la furaha liko kulia kidogo kwa ncha ya kofia, lile paa la kinu. Nikaingiza mkono, nikalisogeza kulia, nikapiga pini, nikagongomea kifuniko. Nilikuwa nyuma ya kinu, Dieuwertje. Ukiwa nyuma ya kinu, kulia ni kushoto. Mwana wa msagaji, mjukuu wa msagaji, nikakutumia msiba ng'ambo ya bahari ukiwa zawadi ya harusi.

Sikujua mpaka Aprili, ulipoandika kwa jina langu ule mstari mmoja: "Mwambie Baba nimeyaona mabawa, na nimeelewa." Niliusoma mlangoni na nikajua papo hapo nilichofanya. Ulielewa kwamba kwake umekufa. Nani asingeelewa hivyo?

Kosa la mkono lingesameheka. Ninachokiri leo ni kilichofuata. Baba aliniuliza kama umeandika. Nikasema ndiyo, umesema sanduku limefika salama. Akauliza, "Ni hayo tu?" Nikasema ni hayo tu. Akainamisha kichwa, akaendelea kula supu yake ya njegere. Mwanzoni nilinyamaza kwa woga. Nilijiambia nitamwambia akipona, halafu akimaliza mavuno, halafu Krismasi. Lakini nisikudanganye tena. Baada ya miezi michache woga haukuwa sababu peke yake. Wewe ndiwe uliyekuwa na vidole vya ufundi, dada. Tangu tukiwa wadogo ulikaa naye kwenye meza ile na mimi nilitumwa kuleta kuni. Ulipoondoka, alinisogezea kiti chako. Alinifundisha kupinda mbao na kupaka uzi nta, akaanza kuniambia mambo. Nilipenda. Nilionja utamu wa kuwa mtoto wake wa pekee na nikaogopa kwamba mstari mmoja kutoka kwako ungeninyanyua pale. Mficha uchi hazai, na mimi nimeuficha nikiona unavyowagharimu nyinyi wawili.

Basi Alhamisi hiyo nilimwambia yote, kati ya vinu kumi na kimoja na meli sita. Alinitaka nirudie sehemu ya pini. Akachukua kinu kimoja kidogo, akakigeuza mgongo, akasogeza bawa kwa kidole, akakigeuza tena akakitazama kwa jicho lake la kushoto kwa karibu sana. Akasema, "Miaka kumi na tisa, Gerbrand." Nikasema ndiyo. Akasema, "Punda anayezunguka kinu angekuwa na akili zaidi, maana yeye angalau huona pande zote." Halafu akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata Mama alipofariki. Nilitaka kumshika na nikaona sina haki hiyo. Jioni hiyo alikula peke yake bandani, na Ijumaa pia.

Jana asubuhi nilikuwa ninasaga ngano ya watu niliposikia kamba ya breki inavutwa kutoka nje. Nilitoka na unga usoni. Baba alikuwa amesimama uani, kofia ya kanisani kichwani, amening'inia kwenye kamba. Aliachia, akakamata, akaachia tena kidogo, akisikiliza, mpaka bawa likasimama pale pale kabla ya kufika juu. Akafunga kamba. Akaniambia kwamba hakuna mtu atakayekigusa kinu hicho, na wenye ngano wangoje. Kabla ya saa nne Krelis alikuja kwa baiskeli, anatweta, akauliza nani amejifungua. Baba akasema hakuna aliyejifungua, binti yake Dieuwertje ameolewa.

"Dieuwertje? Lini?"

"Mwaka wa hamsini na nne. Habari zimekawia njiani."

Unamjua Krelis, hana dogo asilolifanyia mzaha. Jana hakufanya. Alivua kofia, akampa Baba mkono, akamwambia hongera kwa binti yako. Kisha, kama desturi yetu ilivyo, akanigeukia na mimi, akanipa mkono, akasema, "Hongera kwa dada yako, Gerbrand." Nimepigwa na mengi maishani, lakini mkono ule ndio ulionipiga zaidi. Walikuja watu mchana kutwa, mpaka shangazi Aagje, na kila mmoja aliniambia hongera, na Neeltje alichemsha kahawa kwenye sufuria kwa sababu birika liko bandani.

Kama kinu chako bado kipo, pini iko nyuma, chini ya kofia. Ichomoe kwa koleo. Kama ulikichoma sitakulaumu, wala yeye. Kunisamehe mimi ni hiari yako na ninaweza kungoja. Yeye hawezi. Upepo leo ni wa kusaga kuliko siku zote za mwaka huu, wakulima wananinunia, na Baba ameketi uani kwenye kiti anasema kinu hakizunguki mpaka mletabarua alete bahasha kutoka Nyuzilandi.

Nisalimie sana shemeji Bertus, umwambie mkwe wake amemtaja jana kwa jina, mbele ya watu. Wabusu wapwa zangu. Neeltje anakusalimu, na kijiji kizima kinakupa hongera ya ndoa.

Ukiandika, andika kwa wino mweusi na herufi kubwa. Na bahasha iwe kwa jina lake, si langu.

Ni mimi mdogo wako,
Gerbrand