Jasho la Tofali

Likasi, Shituru, 5 Mei 2024

Na tena, Papa, ile habari ya tanuru sikuimaliza, maana dereva Mathieu alikuwa anapiga honi barabarani nikafunga bahasha haraka. Kwanza, hujambo? Mgongo unasemaje? Masikio najua hayawezi kupona, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Natumaini samaki wa Kasenga wanakulisha vizuri.

Sisi wazima kabisa. Leo ni siku ya kumi na tano tangu nifunge ndoa, na bado nikiamka ninamwangalia Arsène amelala, nacheka peke yangu. Papa, ana mikono mizuri! Nyuma ya nyumba amejenga tanuru la kuyeyushia shaba na vyuma vya njano vya zamani. Atakuwa anatengeneza kusineti, zile pete ambazo mhimili wa kinu cha unga unazunguka ndani yake. Wenye vinu wa Likasi nzima wanazitafuta. Tofali alifyatua mwenyewe kwa udongo wa kichuguu. Mimi nilisiliba ndani kwa viganja vyangu hivi hivi, ukuta ukatoka laini kama shavu la mtoto.

Najua ulisema hutakula kwenye nyumba ya mtu wa moto, mtu wa kuyeyusha vyuma. Kwenye arusi kiti chako kilibaki wazi, sikumruhusu mtu akikalie. Sikulaumu. Nakungoja tu.

Binti yako,
Orpa

Likasi, 26 Mei 2024

Papa mpendwa,

Hujanijibu, lakini Mathieu ameniambia barua ilifika mikononi mwako na kwamba unatembea bila fimbo. Nimefurahi. Hapa baridi imeanza, afya ni njema, na mapenzi yanazidi.

Nikueleze kitu kizuri. Tanuru letu linatoka jasho! Arsène ameshaliwasha mara tatu, na kila likipoa tunakuta matone kwenye ukuta wa ndani, ya kijani, yanang'aa kama kioo. Arsène alicheka: "Orpa, hii ukuta inatoka jasho kuliko weye ukisonga bukari ya mahindi!" Nikamjibu: "Inakuogopa, chéri." Nimeyabandua tone moja moja, nikayatundika dirishani kwa uzi. Asubuhi jua likipita humo, kitanda chote kinakuwa kijani. Sijawahi kuona nyumba yenye furaha namna hii.

Ukuta wenyewe umesimama wima, umejikunja kidogo tu upande wa mlango. Jumamosi, tarehe 15 Juni, atayeyusha shaba ya chungu kikubwa kwa mara ya kwanza, kilo sitini. Wenye vinu watatu watakuja kuangalia. Ombea siku hiyo.

Binti yako anayekukumbuka,
Orpa

Kasenga, 3 Juni 2024

Orpa,

Mimi mzima. Nataka nanyi muwe wazima, kwa hiyo soma polepole.

Asiwashe moto. Nilijenga na kutengeneza tanuru za kiwanda miaka ishirini na sita. Tofali likitoka jasho maana yake linayeyuka. Haliyeyuki lote. Chembe ngumu zinabaki ngumu, na kati yake kunakuwa na uji. Ukiliangalia utaona ukuta umesimama. Ni kama mchanga uliolowa asali: unasimama mpaka kitu kiuegemee. Huko kujikunja mlangoni ndiko mwanzo.

Vunja tofali moja la ndani. Ukiona linang'aa kati ya chembe kama sukari iliyoungua, ukuta wote umekwisha.

Uliwahi kuniuliza kwa nini sipendi mtu wa moto. Nilikuwa na mwenzangu, Théodore. Ukuta ulikuwa umetoka jasho siku mbili, sisi tukasema bado una nguvu. Akaegemeza ngazi. Sitaandika zaidi.

Udongo wa kichuguu peke yake hauyeyuki mapema hivyo. Mliuchanganya na nini?

Papa yako

Likasi, 17 Juni 2024

Papa,

Tuko hai wote wawili. Nimeanza na hilo ili usitafute mbele.

Lori la Mathieu lilikufa injini njiani. Barua yako imefika Jumamosi ileile, moto ukiwa umewaka tangu asubuhi na shaba imeanza kulegea. Niliisoma nimesimama uani, halafu nikapiga kelele. Arsène akasema: "Muke wangu, wageni wanaangalia." Nikamwambia: "Papa ameandika. Papa!" Alichukua nondo, akaisukuma ukutani kupitia mlango wa tanuru. Iliingia kama kidole kwenye bukari.

Hakubishana. Alizima feni ya upepo, akatusukuma wote mpaka barabarani. Tulingoja labda nusu saa. Ukuta haukuanguka, Papa, ulikaa chini polepole kama mtu aliyechoka. Chungu kikapinduka, shaba ikamwagika pale anaposimama siku zote. Pale pale. Viatu vyake vya akiba vilikuwa hapo, vimebaki visigino.

Sasa nijibu swali lako. Jivu. Nilitia jivu la makaa kwenye udongo wa kusiliba, na kwenye maji ya kufyatulia pia, kama mama alivyokuwa anapaka mbabula yetu ya udongo ya kupikia ili isipasuke. Arsène aliniuliza nimetia nini, nikamwambia ni siri ya mama. Nilitaka kuleta kitu cha kwetu kwenye kazi yake. Nimelia siku mbili. Yeye ananiambia: "Miye nilikuwa najua kuyeyusha shaba, weye ukajua kuyeyusha nyumba." Kisha ananikumbatia, nalia tena.

Matone nimeyatoa dirishani. Nakutumia nusu ya tofali tuliyovunja. Ndani inang'aa kama ulivyosema.

Arsène anauliza kwa heshima: mchanganyiko sahihi ni upi?

Binti yako,
Orpa

Kasenga, 1 Julai 2024

Orpa, binti yangu, na Arsène,

Nimepokea barua na tofali. Mimi mzima. Usilie tena, mama yako hakukosea: moto wa mbabula ni mdogo, jivu haliwezi kuudhuru udongo wake. Kwenye moto wa shaba, jivu ndilo linaloanza kuyeyuka na kuvuta mengine.

Mchanganyiko: sehemu mbili tofali za zamani za tanuru, zilizopondwa, na sehemu moja udongo mweupe unaochimbwa chini sana. Jivu usitie hata kijiko. Kaushia kivulini.

Aponde, afyatue, akaushe. Asijenge. Kijana aliyezima moto mbele ya wageni kwa sababu ya barua ya mzee anafundishika, lakini mstari wa kwanza wa tofali nitauweka mimi. Mwiko wangu wa kujengea nimeutoa kwenye gunia, una kutu kidogo.

Jivu lako paka mbabula, kama mama yako, na usonge bukari ya watu watatu. Kile kiti kiweke mezani. Nafika kabla ya mwezi huu kuisha.

Papa yenu