Jina la Mama Germaine Mezani

Kisangani, Tshopo, 8 Juni 2025

Mama mpenzi,

…lakini lile la chakula sikulimaliza katika barua iliyopita, karatasi iliniishia. Kwanza niambie, mgongo unasemaje? Na kile kikohozi cha asubuhi? Mimi ni mzima, Mama, mzima hadi najichekea peke yangu jikoni. Rachidi akirudi kazini nasikia baiskeli yake kabla haijakata kona, na moyo wangu unanitangulia mlangoni. Ungekuja harusini ungejionea.

Najua kwa nini hukuja. Baba mkwe wangu, Papa Assumani, ni Mwislamu wa Maniema. Mama mkwe, Mama Agathe, ni Mkatoliki, binti wa wavuvi wa Wagenia. Na Rachidi wangu haendi msikitini wala kanisani. Uliniuliza, nyumba kama hiyo, nani anasali juu ya chakula? Sasa nakujibu: kwa sauti, hakuna. Ngoja, usiichane barua!

Siku ya kwanza niliweka lituma ya ndizi za kuponda, sombe ya majani ya muhogo na samaki mezani, nikafumba macho, nikasubiri. Halafu nikamsikia Mama Agathe: “Namushukuru Urbain muvuvi. Alipanda juu ya miti ya mitego, maji inanguruma chini yake, akatuletea huyu samaki.” Rachidi akamshukuru mzee aliyesukuma baiskeli ya makaa kutoka msituni. Kisha Papa Assumani akanigeukia: “Na mimi namushukuru Daniella. Ametwanga hii sombe mpaka mikono imechoka.”

Mimi, Mama! Jina langu, mbele ya sahani, kama jina la mtakatifu! Machozi yalidondokea kwenye sombe. Rachidi akasema, “Chérie, chumvi ilikuwa inatosha.”

Baadaye Mama Agathe alinieleza. “Tulipooana tulibishana nani asali. Yeye Bismillahi, mimi Baba Yetu, nzi wakakula mbele yetu. Bon, tukapatana: Mungu, kila mutu amushukuru ndani ya roho yake. Kwa mudomo tunashukuru watu.” Mimi nafanya ishara yangu ya msalaba, na hakuna anayenitazama vibaya.

Njoo ule nasi, hata mara moja tu. Furaha yangu ni kubwa, lakini bila wewe naila nusu.

Binti yako,
Daniella


Basoko, 19 Juni 2025

Daniella,

Célestin wa mashua amenifikishia barua yako, inanuka petroli. Mgongo upo, kikohozi kipo. Kinachouma ni kingine.

Nimefundisha katekisimu hapa tangu hujazaliwa, na leo binti yangu ananiandikia barua nzima ya chakula bila Amina hata moja. Huyo Urbain ndiye aliyeumba samaki? Na kama mnashukuru kila mtu, fundi wa sufuria mmemsahau? Na aliyemzaa fundi? Mtakula Krismasi!

Siku watakaposali kwa sauti, nitakuja. Kabla ya hapo usinialike.

Kula vizuri. Ulikuwa umekonda.

Mama yako


Kisangani, 27 Julai 2025

Mama mpenzi,

Kikapu kimefika! Kwa wiki hizi zote ulizonyamaza nilikuwa nakuota, na kumbe ulikuwa unanifungia kikapu. Hakikuwa na barua, lakini nani mwingine anafunga majani hivyo? U mzima kweli? Nijibu hilo hata kama mengine hutaki kuyajibu.

Nilikifungua mezani, mbele ya wote, kwa majivuno. “Mama yangu ametuma!” Harufu ya moshi ikajaa nyumba. Nikainua kipande cha kwanza cha nyama, Mama Agathe akamtazama mumewe, na Rachidi akaninong'oneza, “Chérie, hii iko ngulube.”

Nguruwe wa pori, Mama. Kwenye meza ya Papa Assumani. Nikakumbatia kikapu nikitaka kukimbilia nje, lakini baba mkwe akaniita.

“Daniella, mutoto wangu. Nani aliichoma kwa moshi?”

“Mama mwenyewe, Papa.”

“Alikaa pale kwa moto yeye mwenyewe?”

“Ndiyo, Papa. Kuangalia moto hamwachii mtu.”

Alichukua bakuli lake la maharage, akahamia mwisho wa meza, akanawa mikono. Nilijua sasa ataondoka, na ndoa yangu itaanza kunuka moshi huo. Lakini aliketi, akasema polepole, kama mtu anayesoma: “Namushukuru Mama Germaine wa Basoko. Alikaa kwa moshi sababu ya sisi.”

Mama Agathe akashangaa. “Weye hata haukuli hiyo nyama!”

“Donc nisimushukuru? Macho yake iliwasha ao haikuwasha?”

Mwili ulinisisimka kama siku ya harusi, padri alipouliza na Rachidi akasema ndiyo. Nilidhani mtu anashukuru kwa kile anachokula. Huyu alishukuru kwa kile asichoweza hata kukigusa, na hakuonyesha kwamba anafanya jambo kubwa. Chini ya meza Rachidi alinishika mkono.

Tulipika nyama yako katika sufuria ya pembeni hadi ikaisha. Kila tulipoila, Papa Assumani alikula chake huko mwisho wa meza, na kila mara alikutaja wewe kwanza.

Sikuulizi kama ulisahau au ulikusudia. Wala sikualiki, ulinikataza. Nimetaka tu ujue kwamba katika nyumba ambayo hujakanyaga, jina lako linajulikana.

Binti yako akupendaye,
Daniella


Basoko, 5 Agosti 2025

Daniella mwanangu,

Ni mzima. Umeniuliza, nimejibu.

Sikukusudia. Hasira nilikuwa nayo, lakini siwezi kutukana watu kwa chakula. Nyama ile ndiyo ilikuwa nzuri kuliko vyote nyumbani, nami nilikuwa nakuwaza wewe unavyoipenda. Wao sikuwawaza hata kidogo. Yeye aliniwaza, hata macho yangu. Nimelisoma hilo mara nyingi, na kila mara nimeiweka barua chini.

Jana nilitaka kusali juu ya wali wangu kama kawaida, nikakwama. Sikujua nani alilima mpunga wake. Nikafunika sahani, nikarudi sokoni kuuliza. Wale wanawake walicheka: “Mama Katekista, wali umekuuma tumbo?” Kumbe ni Simone, mjane wa ng'ambo ya mto Aruwimi. Miaka yote nakula mchele wake.

Sikilizeni basi. Nikifika nitasali kwa sauti, kwa jina la Baba na la Mwana, asinizuie mtu. Nikimaliza, nitangoja zamu yangu kama wengine, maana mimi pia nina mtu wa kumshukuru, na nataka anisikie akiwa amekaa mbele yangu. Mwambie mzee naleta samaki, samaki tu. Célestin ameniwekea nafasi. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa mlangoni kwenu.

Mama yako,
Germaine